Choo cha Mama wa Shemasi

Marahaba, wanangu. Najua wengine hamjaniamkia bado, lakini nawaitikia mapema kwa sababu kazi niliyoifanya ilinizoesha kuwahi. Mtu aliyebanwa hasubiri kamati ikae.

Nilikuwa bibi afya wa halmashauri huku kwetu Ufipa, miaka ile ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yanafungwa, ya watu binafsi yanafunguliwa, mitumba inaingia kwa marobota, na vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vikaanza kuuzwa barabarani Sumbawanga. Vyama vikawa vingi, na kila chama kikataka mkutano wa hadhara. Wenzangu wa idara walikagua bucha na vilabu vya pombe, wakapewa nyama na kuonjeshwa. Mimi nikapewa vyoo vya mikusanyiko. Majirani walipomuuliza mama yangu mzazi mwanawe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Yuko ofisini."

Juzi alinijia binti mmoja hapa Malangali, katoka chuoni, ana daftari jipya na kalamu mbili. Akaniamkia vizuri, nikampa kiti. Akasema, "Bibi, nimepangiwa kusimamia vyoo vya maonyesho ya wakulima. Choo cha walemavu kinatakiwa kiwe na upana gani?" Nikamwuliza, mlemavu gani? Akatazama daftari. Nikamwuliza tena, anaitwa nani huyo mlemavu wako, anakaa wapi, anatembeaje? Akaona bibi kachanganyikiwa. Basi haya ninayaandika kwa ajili yake, na nyinyi wengine mnaodhani choo ni upana.

Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza vibaya kuliko yeye. Mkutano wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa wa wakulima, Kasense. Nilichimbisha mashimo manne ya maana, mawili ya wanaume na mawili ya wanawake, nikayazungushia nyasi, nikatengeneza njia moja nzuri ya kwenda huko, imefagiliwa, kijiti huku na kijiti huku. Mkutano ulianza asubuhi ukaisha alasiri na vyoo vyangu havikuingiwa na mtu. Wazee walikuwa wananyanyuka mmoja mmoja, wanajikohoza, wanaelekea kwenye shamba la mahindi kama watu wanaokwenda kukagua magugu. Nikarudi ofisini nikaandika ripoti kwamba wananchi wa Kasense hawana mwamko wa matumizi ya vyoo.

Aliyenirekebisha ni Mzee Kalisti, mchimbaji wetu wa mashimo. Huyu ndiye mwalimu wangu, ingawa cheo chake kilikuwa chini ya changu, na barua zake ilibidi nimsomee mimi. Nilipomsomea ile ripoti alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi afya," akasema, "umetengeneza njia moja. Mtu atakutana na mkwewe njia ya choo? Na wale Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao ndio kabisa, mzee atakufa na mkojo wake kuliko kukutana na mke wa mwanawe akitoka kule." Nimezaliwa hapahapa, nimelelewa hapahapa, na nikipishana na baba mkwe wangu sokoni nilikuwa nageuza uso. Lakini nilipovaa koti la ofisi nikasahau kwamba wananchi nao wana wakwe. Tangu siku hiyo njia zangu zilikuwa mbili, zinatokea pande mbili, na ile ripoti niliichana.

Mzee Kalisti alikuwa mtu wa kunyamaza. Akifika uwanjani hashiki sululu. Kwanza anawasha nyasi za kujaa mkono mmoja, anatazama moshi unakwenda wapi. Mnaujua upepo wetu wa katikati ya mwaka, unatoka mashariki, unaingia mpaka kwenye mifupa. Akishajua moshi unakoelekea, anamwaga ndoo ya maji chini na kuvuta kiko chake akisubiri yanywewe. Yakichelewa kunywewa anahama. Halafu choo kikishakamilika lazima akitumie yeye kwanza kabla ya mtu yeyote, anasema mpishi asiyeonja ni mchawi. Mambo haya sikuyakuta kwenye kitabu chochote cha chuo, na nilisoma vyote.

Sasa ruksa ikatuletea turubai za nailoni. Za bluu, nyepesi, zinang'aa. Mfanyabiashara mmoja wa simenti, nitamwita Mzee Luka, alikuwa mwenyekiti wa kila kamati mjini kwa sababu alikuwa na gari la kubeba viti. Akaniambia nyasi na mabua ni ushamba, dunia imebadilika. Mzee Kalisti akaguna. Akasema nyasi zinapitisha upepo, hicho kitambaa kitaushika. Mimi nikaona aibu kuonekana mshamba, nikachukua turubai. Siku ya mkutano wa chama kimoja, msemaji akiwa katikati ya kuahidi barabara ya lami, upepo ulikuja ukazibeba turubai zote nne kwa mpigo. Mzee mmoja wa heshima alibaki amechuchumaa mbele ya umati, kofia kichwani, kadi ya chama mkononi. Alichofanya ni kuinua ile kadi juu, watu wakapiga makofi. Nasikia baadaye alichaguliwa mjumbe.

Nacheka sasa. Lakini kosa ninalotaka mlishike halikumchekesha mtu, na nililifanya nikiwa najivuna.

Kulikuwa na kijana anaitwa Oresti, mtoto wa kule njia ya Mwazye, seminari ameimaliza. Alipopewa ushemasi misa ilifanyika mjini, uwanjani, maana kanisa lisingetosha. Mama yake, Mama Yustina, alikuwa mjane, na miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni. Barabarani alitumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Nikapata habari kwamba mama wa shemasi ni mlemavu, nikasema sawa, safari hii nitawaonyesha.

Nikamwambia seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kirefu, kina mgongo na mikono, unakaa kama chifu. Nikaweka mlango mpana. Nikamwaga kokoto njia nzima na ndani pia, pasiwe na tope wala vumbi. Nikaweka ndoo ya maji juu ya meza safi. Nikampa mchoraji rangi nyekundu, akaandika CHOO CHA WALEMAVU, herufi zinasomeka toka jukwaani. Mzee Luka alikuja kukiona, akasema hata yeye angependa kuvunjika mguu. Mimi nikacheka na kiburi changu.

Mama Yustina hakukitumia. Katikati ya misa, kabla Baba Askofu hajamwekea mwanawe mikono, nilimwona anamnong'oneza dada yake, wakaisukuma ile baiskeli kutoka uwanjani, wakaenda na hawakurudi. Nilimwona Oresti amegeuza kichwa kutazama pale alipokuwa amekaa mama yake. Kisha akageuka mbele. Mimi nikajisemea, wagonjwa hawa, pengine kasikia baridi.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya upadirisho wake, Shemasi Oresti alikuja ofisini kwangu. Safari hii sherehe ingekuwa kwao, kwenye uwanja wa parokia yao. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, shemasi. Karibu."

"Mama yangu amesema hatakuja kwenye upadirisho. Anasema atasikiliza kengele akiwa nyumbani."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema mama yake hataki kumwambia, anasema tu ataaibika. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. "Padre mpya baraka yake ya kwanza anampa mama yake. Mimi nitampa nani?"

Nikajibu kwa ukali, na ukali wangu ulikuwa wa mtu mwenye hatia asiyejua bado hatia yake. Nikasema, mbona mwaka jana nilimtengenezea choo kizuri kuliko cha mkuu wa mkoa, akakidharau? Yule kijana akasimama. Akaniambia tu, "Mama, nenda ukamwulize."

Nikaenda. Nilimkuta Mama Yustina uani amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, anapepeta ulezi. Mwanamke mpana wa mabega, mikono kama ya mwanaume wa sululu, na macho yanayokupima kuanzia viatu. Nikamwamkia, maana alinizidi umri. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za watoto. Kisha nikamwambia nilichojia, nikaanza kumhesabia vitu nilivyomwekea mwaka jana. Kiti. Mlango. Kokoto.

"Ulimuuliza nani?" akasema.

"Nani kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu mimi. Ulimuuliza nani ninavyokwenda chooni?"

Akaweka ungo chini, akachukua vipande viwili vya tairi vilivyoshonewa kamba, akavifunga viganjani. "Baiskeli ni ya barabarani," akasema. "Haiingii chooni. Nikifika mlangoni nashuka, natembea kwa hii mikono. Haya, njoo uone kwangu." Akatangulia uani kwa mikono yake, anakwenda upesi, mimi namfuata nyuma na mkoba wangu wa ofisi.

Tulipofika nusu ya njia akasimama. "Shuka na wewe."

"Mama?"

"Shuka chini. Wewe ndiye unayechora vyoo."

Wanangu, nilikuwa nimevaa sketi ya kazi na viatu vyenye kisigino. Jirani alikuwa anatwanga upande wa pili wa ua na mchi wake ukasimama. Nilishuka. Nikatembea kwa viganja na magoti, hatua kama kumi hivi, na kufikia hapo nilikuwa nimeshaelewa karibu kila kitu. Kijiwe kimoja kidogo kilinichoma kiganjani nikataka kulia. Nikakumbuka kokoto zangu.

Choo chake alijengewa na Oresti wakati wa likizo. Kilikuwa cha kawaida kabisa, si cha kupigwa picha. Kizingiti hakuna. Sakafu imesiribwa kwa udongo wa kichuguu mpaka imekuwa laini kama kibuyu, imetupiwa majivu. Shimo liko chini, halina kiti, na pembeni kuna nguzo mbili fupi za kushika. Komeo la mlango liko chini, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Maji yako chini, na yako sehemu mbili, mlangoni na ndani.

"Kile kiti chako," akaniambia, "kingehitaji wanaume wawili kunipandisha. Komeo lako liko begani kwa mtu aliyesimama. Ndoo yako iko mezani. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini bibi afya, tulipoondoka tulipitia pale, dada yangu akafungua mlango nikatazama sakafu. Watu walikuwa wameshapita na sakafu imelowa." Akanyoosha vile viganja vyenye tairi. "Hii mikono ndiyo miguu yangu. Na ndiyo nitakayolia ugali."

Akaendelea, sauti ikiwa chini kidogo. "Na yale maandishi mekundu. Mume wa binti yangu alikuwa amekaa safu ya mbele, anatazama hukohuko. Nitambae mkwe wangu ananitazama, juu ya kichwa changu pameandikwa?"

Kisha akaniambia siri yake, kama mtu anayekuambia jinsi anavyopika. Akialikwa mahali popote, anaacha kunywa tangu mchana wa siku iliyotangulia. Maji, chai, togwa, chochote. Kwa misa fupi inatosha. Siku ile ya ushemasi haikutosha, na kichwa kilikuwa kinamzunguka kwa kiu tangu somo la kwanza. Alibanwa na mkojo huku kiu imemshika, vyote viwili pamoja. Ndipo akaondoka. "Upadirisho ni siku nzima," akasema. "Nitaanguka mbele ya Askofu, au nitajilowesha mbele ya mwanangu. Bora nikae na ulezi wangu."

Niliona aibu, wanangu, aibu ya kweli. Nilikuwa nimepita uwanja ule nikihesabu mashimo, na sikuwahi kujiuliza nani amekaa na kiu. Nikamwambia, "Mama, nipe nafasi moja. Lakini safari hii wewe ndiye utakayesema, mimi nitaandika." Hakukubali. Alisema atakiona kwanza siku tatu kabla, na akikikataa basi, tusimsumbue tena.

Mzee Kalisti wakati huo alikuwa ameshapunguzwa kazi, ule upunguzaji uliopita kwenye halmashauri zote kama bomba la dawa ya nzige. Nikamfuata nyumbani kwake. Nilimweleza, akachukua sululu yake bila kuuliza atapewa nini. Tulipofika uwanja wa parokia akawasha nyasi zake. Moshi ukaenda magharibi. Akatembea kutoka pale atakapokaa mama wa shemasi, anahesabu hatua kwa mdomo, akafika nyuma ya ua wa michongoma upande wa magharibi wa altare, akachomeka kijiti.

"Hapa," akasema.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mzee Luka alikuwa mwenyekiti wa kamati huko nako, na pale nyuma ya michongoma alishapanga kuegesha magari ya wageni rasmi. Akasimama kwenye kikao akasema hajapata kuona choo karibu na altare tangu abatizwe. Wajumbe wakanung'unika pamoja naye. Nikaeleza upepo, nikaeleza njia ya siri nyuma ya michongoma, nikaeleza kwamba kule kona ya mbali ni mbali mno kwa mikono. Mzee Luka akasema, "Dada yangu, sherehe ni ya Mungu, mambo ya tumbo yakae mbali."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Mzee Luka, wewe umekunywa chai vikombe viwili tangu tukae hapa na umeshatoka mara mbili. Mama wa padre wako hajanywa maji mbele za watu tangu umwone. Magari yako yanakojoa?"

Baba Paroko, ambaye alikuwa amejifanya anasoma karatasi, akakohoa. Akasema magari yana magurudumu, yatakaa popote. Mzee Luka akakunja uso, lakini kesho yake alileta mbao za sakafu kwa gari lake, zimepigwa randa, na hakusema neno. Watu wa huku ndivyo walivyo, wanakubali kwa mikono kabla ya mdomo.

Tulikijenga kwa nyasi, ule upepo upite. Sakafu ya mbao laini, imeinama kidogo kuelekea nyuma maji yasituame. Nguzo mbili fupi. Komeo chini. Maji mlangoni na maji ndani. Nje, kibanda kidogo cha kuegesha baiskeli, na kutoka hapo mkeka mpaka mlangoni. Hatukuandika kitu. Tulipokuwa tunajenga Mzee Kalisti akakumbuka kaka yake asiyeona, basi kwa vile vyoo vingine vya watu wote, kule kona ya mbali, tukafunga kamba kutoka kwenye viti mpaka kwenye mlango, ina fundo kila hatua tano na mafundo mawili pale pa kugeuka. Mama mmoja wa kwaya akasema wanawake wanahitaji ndoo yenye kifuniko na ndoano ya kutundika kanga, tukaweka. Kila aliyeulizwa alikuwa na jambo. Nilishangaa miaka yote ile nilikuwa naogopa nini kuuliza.

Siku tatu kabla, Mama Yustina akaja. Akatufukuza wote pale, akaingia, akafunga komeo. Tukasikia nguzo moja inalia, anaitingisha. Akatoka akasema, "Nguzo ya kulia imelegea. Ishindilieni." Mzee Kalisti akaishindilia papo hapo. Mama akajaribu tena. "Nitakuja," akasema, na akaenda zake.

Siku yenyewe ikafika. Watu walijaa uwanja mzima, makoti ya mitumba yamefungwa mpaka shingoni, upepo unapiga bendera za njano na nyeupe. Mama Yustina alikaa mbele, gauni jipya, kitambaa cheupe kichwani. Nikamsogelea nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Umekunywa?" Akasema, "Chai kikombe kimoja. Nakujaribu." Moyo wangu ukaenda mbio kuliko wa shemasi.

Sasa lile ambalo hatukulifikiria. Choo kizuri hakijifichi. Kufikia masomo, kina mama wa viatu virefu walishakigundua nyuma ya michongoma. Nilipokwenda kutazama, nikakuta mstari. Mgeni mmoja mwenye suti, sitamtaja, ndiyo kwanza anatoka, anapangusa mikono, na sakafu yangu ya mbao ilikuwa imelowa kutoka mlangoni mpaka kwenye shimo. Na upande wa pili wa ua nikasikia magurudumu ya ile baiskeli. Baba Askofu alikuwa ameanza mahubiri, na mama alikuwa ameona huo ndio muda wake.

Sikufikiri. Nikawaambia wale wa mstari, "Kimefungwa," nikaingia nikapiga magoti. Nikamwaga maji, nikayasukuma nyuma kwa mkono, nikavua kitenge changu cha sherehe nikaifuta ile sakafu ubao kwa ubao mpaka ikawa kavu, nikatupia majivu, nikayafuta nayo. Nikapitisha kiganja changu, kwa sababu hicho ndicho kipimo nilichofundishwa. Nilipotoka Mzee Kalisti alikuwa amesimama mlangoni na sululu yake begani. Yule mwenye suti alikuwa amerudi, sijui kwa ajili gani, anamwambia Mzee Kalisti kwamba yeye ni nani.

"Nimekusikia, mheshimiwa," Mzee Kalisti akamjibu. "Chako kile kule chini. Fuata kamba."

Mama Yustina akafika. Akatazama kitenge changu kilicholowa mkononi, akanitazama magoti. Akashuka mkekani, akaingia, akafunga komeo. Mimi nikasimama nje nahesabu sentensi za Baba Askofu, namwomba Mungu ampe maneno zaidi, jambo ambalo sijawahi kuomba kwenye mahubiri yoyote. Mama akatoka, akanawa, akapanda baiskeli yake. Litania ya watakatifu ilipoanza na shemasi akalala kifudifudi, mama yake alikuwa mbele yake, mahali pake. Alimwona akiwekewa mikono. Alimshikia mavazi ya upadre. Na misa ilipokwisha, Padre Oresti alikuja moja kwa moja, akainama chini kabisa, akamwekea mama yake mikono kichwani. Nililia wazi, na kitenge cha kupangusia machozi sikuwa nacho.

Binti mwenye daftari, ukisoma hapa utaniuliza, basi upana ulikuwa kiasi gani? Ulimtosha yeye. Choo nilichojenga baada ya hapo, kwa ajili ya maonyesho, kilikuwa na kiti, kwa sababu mzee mmoja wa Malangali magoti yake hayakunji na alinieleza hivyo mwenyewe. Siku hizi mnakodi vyoo vya plastiki vinakuja na lori, na nimesikia vipo hata vyenye njia ya baiskeli. Nafurahi. Pitisha kiganja sakafuni hata hivyo, na umweke mtu mwenye moyo mgumu mlangoni.

Mchana ule ikawa zamu ya kula na kunywa. Kwetu kimpumu, pombe ya ulezi, inanywewa kwa mrija, unamimina maji ya moto juu ya ulezi wake chunguni, na mwenye sherehe ndiye huvuta wa kwanza. Wakaleta chungu mbele ya Mama Yustina. Ndugu zake wakawa tayari kukipeleka kwa wengine, maana walijua huwa anagusa mrija kwa midomo tu na kukiachia. Yeye akakishika. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mzee Kalisti yuko wapi?"

"Bado yuko mlangoni, mama. Amegoma kuja kula."

"Na sakafu?"

"Nimetoka kuifuta sasa hivi."

Akainamisha kichwa akavuta. Alivuta taratibu, macho ameyafumba, watu wakaanza kutazamana, naye anavuta tu, mpaka mrija ukakoroma chini kabisa chunguni. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Kisha akamsogezea chungu mwanawe, aliyekuwa amesimama kando yake na birika.

"Padre," akasema, "ongeza maji."